Leza, Vumbi na Mbuzi wa Baba

Wengi mmeniuliza miwani yangu imeenda wapi, na wengine mmeuliza moja kwa moja: je, huo upasuaji wa leza unafanya kazi kweli au ni kula pesa za watu tu? Haya, leo tuweke mambo ya programu kando kidogo. Nitawaeleza nilichofanyiwa, kwa nini nilichagua njia yenye maumivu zaidi, na yaliyonikuta nilipofika nyumbani Kipsing. Hospitali sitaitaja, hili si tangazo la biashara.

Kwanza muijue Kipsing. Iko kaunti ya Isiolo, wadi ya Oldonyiro, kando ya laga ambayo muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Wengi wetu ni Wasamburu, na Waturkana pia wapo. Kuna jua, upepo, vumbi na mifugo. Sasa mweke hapo mtoto asiyeona mbali. Kwa mfugaji, kuona mbali ndiyo kazi yenyewe: unamjua mbuzi wako akiwa ng'ambo ya laga kwa rangi, kwa pembe, hata kwa mwendo. Mimi nilikuwa naona madoa tu yanayosogea. Baba aliamini sina haja na mifugo, walimu nao waliamini sina haja na masomo. Hakuna aliyefikiria macho, hata mimi mwenyewe, maana nilidhani kila mtu anaona hivyo. Miwani ya kwanza niliipata nikiwa sekondari, na nilichoshangaa sana ni kwamba mgunga una miiba hata ukiwa mbali!

Lakini miwani na Kipsing haziivi chungu kimoja. Vumbi linakwaruza vioo, jasho linaiteremsha puani, mwana-mbuzi anaipiga kichwa unapomshika. Ikivunjika, likizo yako imekwisha mpaka ufike Isiolo mjini.

Namba zangu zilikuwa dayopta 4.5 kasoro, macho yote mawili. Kama hujui maana yake, chukua 1 gawanya kwa 4.5, unapata kama 0.22. Yaani nilikuwa naona vizuri hadi sentimita 22 kutoka usoni, baada ya hapo ukungu. Hiyo ni hitilafu ya umbo: mwanga unaoingia machoni unakutanika mbele ya retina badala ya kukutanika juu yake. Miwani inasahihisha kwa kuweka lenzi mbele. Leza inasahihisha kwa kuichonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, iwe bapa zaidi kidogo katikati.

Kuchonga jicho la mtu... hata mimi mwili ulisisimka. Nikafanya ninachofanya siku zote nisipoelewa kitu: nikaenda kusoma jinsi kinavyofanya kazi.

Jambo lilianzia kwenye maabara ya IBM huko New York (ndiyo, IBM wa kompyuta!). Mnamo 1981 kulikuwa na wanasayansi watatu, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waliokuwa na leza ya aina ya eksima. Srinivasan, mzaliwa wa Madras nchini India, alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, wakaupiga ule mnofu kwa leza. Ulikatika safi, pembeni pasiungue. Mwanga wa leza hiyo una urefu wa wimbi wa nanometa 193, hauonekani kwa macho, na nguvu yake inatosha kuvunja viungo vya molekuli kabla joto halijasambaa. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuijaribu kwenye konea za wanyama. Marekani iliiruhusu rasmi kwa kurekebisha macho ya watu mwaka 1995.

Kila pigo moja linaondoa kiasi cha robo ya mikroni. Na kuna fomula rahisi kabisa, ya Munnerlyn, iliyochapishwa mwaka 1988, ambayo naipenda kwa sababu inaingia kwenye mstari mmoja wa programu: kipenyo cha eneo la kuchonga katika milimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa dayopta, gawanya kwa 3. Jibu ni mikroni. Kwangu: 6 mara 6 ni 36, mara 4.5 ni 162, gawa kwa 3 ni 54. Mikroni 54! Ni wembamba wa unywele mmoja. Konea yangu ilipimwa ikawa na unene wa mikroni 540, kwa hiyo nilikuwa naondolewa sehemu moja ya kumi. Mashine za siku hizi zinatumia hesabu ndefu zaidi, lakini hii inakupa picha.

Vipimo ndivyo vilivyonitia hofu kuliko upasuaji. Daktari aliniuliza swali moja mara tatu: "Huwa unasugua macho?" Nani aliyelelewa Kipsing asiyesugua macho? Akanieleza kuwa kusugua sana, hasa kwa mtu mwenye mzio wa macho, huendana na ugonjwa unaoidhoofisha konea mpaka ikachongoka kama pia. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi. Mtu mwenye dalili zake hapigwi leza hata alipe mara mbili, kwa sababu utakuwa unakonda ukuta ambao tayari unabomoka. Wakaipiga konea picha, ikatoka ramani yenye rangi kama ya hali ya hewa. Nilikaa nje karibu saa nzima nikisubiri jibu. Yalikuwa salama. Ushauri wangu kwa mnaofikiria: kliniki ikikuahidi upasuaji kabla ya kukupima hivyo, chukua mkoba wako uondoke.

Ndipo tukafika kwenye uamuzi wenyewe. Njia maarufu ni LASIK. Hapo hukatwa kifuniko chembamba juu ya konea, kikafunuliwa kama jalada la kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha kikarudishwa. Kesho yake unaona, maumivu ni madogo. Njia ya pili, ya zamani zaidi, ni PRK. Hakuna kifuniko. Ile ngozi laini ya juu ya konea inafutwa, leza inachonga, na ngozi inaota yenyewe upya. Mwisho wa safari macho hufika karibu palepale, ila kwa PRK kuna siku kadhaa za maumivu na wiki za ukungu.

Kila mtu angechagua ya kwanza, sivyo? Lakini kile kifuniko hakirudii kushika kama mwanzo. Pigo kali la jicho linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Ndiyo maana mabondia na wapiga mieleka mara nyingi huelekezwa PRK. Mimi si bondia, lakini Desemba huwa nashika mbuzi, nakata miiba, na nasafiri nyuma ya lori tawi likinichapa usoni. Daktari alinisikiliza, akacheka, akasema kwa maisha hayo hata yeye angechagua PRK.

Ikabaki pesa. Bima ilikataa, ikasema ni urembo. Gharama ilipita laki moja. Nilimpigia baba kumjulisha, maana jambo la kukatwa mwili huwezi kumficha mzee.

"Hiyo ni mbuzi wangapi?" akauliza.

"Zaidi ya ishirini, baba."

Akanyamaza. Mkumbuke ukame ule: kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana, na kundi letu likawa la kuhesabika kwa vidole. Pesa zilikuwa zangu, nimeziweka akiba, lakini kimya chake kilinielemea. Mwishowe akasema, "Macho ndiyo jembe lako. Fanya."

Nilifanyiwa mwanzoni mwa Julai 2024. Unalazwa, unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikwa na kiwaya zisifumbe. Unaambiwa utazame taa ndogo. Mashine ina kamera inayofuatilia mboni mamia ya mara kwa sekunde. Ukiyumba kidogo inakufuata, ukiyumba sana inasimama yenyewe. Programu hiyo sitamani kuwa niliyeiandika, jamani. Inalia tiki-tiki-tiki, na kuna harufu. Wengine husema ya nywele zilizoungua. Mimi nilisikia kichwa cha mbuzi kinababuliwa motoni. Kila jicho lilichukua chini ya nusu dakika. Wakaniwekea lenzi laini ya plastiki kama bandeji, nikarudishwa nyumbani.

Usiku wa pili ndio mbaya. Ni kama mchanga wote wa laga umemwagwa machoni, na machozi hayakatiki. Siku ya tano lenzi ikatolewa, ngozi ilikuwa imefunga. Nairobi mnaikumbuka Julai ile, maandamano na vitoza machozi mjini. Nilijifungia chumbani, pazia chini. Ila baridi na mawingu ya mwezi huo vilinisaidia, kwa sababu baada ya PRK jua kali linaweza kuchangia makovu ya ukungu kwenye konea. Ndiyo maana daktari alinikataza kabisa kwenda Kipsing kabla ya Oktoba. Wiki ya tatu niliweza kusoma msimbo kwa herufi kubwa. Wiki ya nane hivi ndipo nikasahau kwamba nilikuwa na miwani.

Oktoba nikaenda, na miwani ya jua usoni kama mtalii. Baba hakunisalimu kwanza. Alinyosha fimbo kuelekea ng'ambo ya laga: "Yule mweupe mwenye baka ni wetu?" Nikamwambia si wetu, wetu ana sikio lililokatwa. Akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbuzi ishirini zikawa zimelipwa.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Habari ya "taa inayoponya macho" ilinitangulia. Asubuhi iliyofuata walikuwa wamekaa nje watu saba wenye macho mabovu, wakitaka niwapeleke kwenye ile taa. Mimi si daktari, lakini hata mimi niliona leza yangu isingemsaidia hata mmoja. Mzee mmoja alikuwa na kinyama kilichotambaa juu ya jicho. Mama mmoja kope zake zilikuwa zimegeukia ndani na kukwaruza jicho kila akipepesa. Hiyo mara nyingi ni alama ya trakoma, ugonjwa unaosambazwa na nzi, mikono na nguo, unaoeleweka vizuri na unaotibiwa kwa dawa ya azithromaisini mapema, na kwa upasuaji mdogo wa kope ukichelewa. Na nyanya yangu mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho, mboni nyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Ilibidi nirudie mara saba: leza hii inachonga kioo cha mbele tu. Nyanya tatizo lake ni lenzi ya ndani, inayotolewa na kuwekwa nyingine ya plastiki. Si kitu kigeni, hospitali nyingi za Kenya hufanya, na gharama yake ni ndogo kuliko yangu.

"Kwa hiyo wangu ni rahisi kuliko wako?" nyanya akauliza.

"Ndiyo, nyanya."

"Na wewe ulitangulia."

Sikuwa na jibu. Wale wenye kope na kinyama tuliwaandikisha kwa muuguzi ili wapewe barua za kwenda Isiolo. Nyanya nilisafiri naye mimi mwenyewe Novemba hiyo. Jicho la kulia lilimaliza chini ya nusu saa, bila mtu kumfutia ngozi wala siku tano za machozi, na asubuhi bandeji ilipotolewa akaanza kulalamika kuhusu viatu vyangu.

Mimi bado naona duara jepesi kuzunguka taa za magari usiku, na nikifika miaka arobaini na kitu nitahitaji miwani ya kusomea kama kila mtu, hilo leza haizuii. Jicho la kushoto la nyanya lilifanywa Februari 2025. Mama wa kope alifanyiwa mwezi mmoja baadaye. Mzee wa kinyama amekataa, anasema amekizoea.