Mizani ya Chombo

Neno mizani lina kazi nyingi katika Kiswahili. Dukani ni kifaa cha kupimia mchele na sukari. Katika ushairi ni hesabu ya silabi za mshororo, ile inayomfanya msikilizaji ashtuke mtunzi anapopunguza moja au kuzidisha. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, aliwafundisha wanafunzi wake maana hizo mbili kwa miaka mingi. Maana ya tatu alikuja kufundishwa yeye, ukubwani, na ziwa lisilo na chumvi, mbali na bahari ya kwao.

Alizaliwa katika nyumba ya mvuvi. Baba yake alikuwa na ngalawa ya mti wa mwembe, na kama wavulana wote wa Nungwi, mahala ambapo vyombo vimeundwa ufukweni tangu zama za mababu, alijua sehemu za chombo kabla ya kujua herufi: omo mbele, tezi nyuma, na ngama chini kabisa, pale maji yanapokusanyika yakangoja kukumbwa. Kilichomvutia zaidi ni mirengu, ile miti inayotoka ubavuni kulia na kushoto ikabeba vibao vinavyogusa maji. Gogo jembamba, ambalo peke yake lingepinduka kwa upepo mdogo, likipewa mirengu hustahimili tanga na mawimbi. Wanahistoria wengi wanaona kuwa ufundi huo uliletwa na mabaharia wa visiwa vya mashariki ya mbali, jamaa za wale waliofika Bukini, na watu wa pwani wakaufanya wao. Mtoto hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba ngalawa ikilala upande mmoja, kibao cha upande huo huikataza isilale zaidi. Chombo kisicho na mirengu, kwake yeye, kilikuwa gogo ambalo bado halijamalizwa.

Kazi ilimpeleka bara, ikamfikisha Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Alipanga nyumba Maisaka, mojawapo ya kata za mji huo ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi ya kuvalia sweta, Mlima Kwaraa umejifunika ukungu, na malori yaendayo Arusha, Dodoma na Singida yananguruma barabarani. Sokoni Kigorowa na Kiiraqw husikika pamoja na Kiswahili cha kila namna. Mama yake alipompigia simu na kumuuliza bahari iko upande gani wa nyumba, alijikuta akitafuta jibu kwa muda mrefu. Hakuwa na njaa wala maradhi. Alitamani tu kukaa juu ya maji.

Na maji yalikuwepo. Ziwa Babati limelala kando ya mji, ziwa dogo, la maji mafupi, lenye matete na mayungiyungi kingoni, kambale na perege ndani yake, na viboko. Viboko ndio wenyeji wakubwa wa ziwa hilo. Wageni hutoka mbali ili wapelekwe kwa mtumbwi kuwatazama. Wavuvi wa hapo hutumia mitumbwi ya magogo, myembamba, isiyo na tanga wala mirengu. Mwalimu alipoiona mara ya kwanza alisema kimoyomoyo kuwa watu hawa wanaenda kuvua kabla ya fundi kumaliza kazi.

Mvuvi mmoja mzee, ambaye hupima umri wa mtu kwa kumuuliza kama alikuwa amezaliwa ziwa lilipofurika likaingia mjini mwaka 1990, alikubali kumchukua siku za Jumamosi. Safari ya kwanza mwalimu aliushika mtumbwi kwa mikono miwili tangu kuondoka mpaka kurudi. Kila alipovuta pumzi, chombo kiliinama. Kila alipojaribu kukirudisha, kiliinama upande wa pili. Walipofika nchi kavu, alisema lile alilokuwa nalo moyoni.

"Mzee, niruhusu nikutengenezee mirengu. Kwetu hatuendi majini bila hiyo."

Alieleza kwa vidole na vijiti juu ya mchanga. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kafi kuelekea kwenye matete. "Mwalimu, hiyo mikono utaipitisha wapi? Na kiboko akiinuka mbele yangu, nitageukaje?"

Mwalimu akatazama. Njia za wavuvi kati ya matete zilikuwa nyembamba kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Mirengu iliyozaliwa kwa ajili ya bahari wazi na upepo wa kusi ingenasa hapo kabla ya hatua kumi. "Usiushike mtumbwi," mzee aliongeza. "Kaa ndani yake." Ilimchukua msimu mzima kuelewa amri hiyo fupi: kulegeza kiuno, kuteremsha uzito, kuyaachia macho kazi ya kutazama maji.

Mwaka wa tatu akapata kayaki, aliyoinunua Arusha kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Chombo hiki asili yake ni Wainuti wa Greenland na nchi nyingine za barafu, walioiunda kwa fremu ya mti au mfupa iliyovikwa ngozi ya sili, nyembamba, ya upana wa nusu mita hivi, kwa ajili ya kuwinda. Kayaki za kuvulia za siku hizi ni binamu wa mbali wa zile. Ni za plastiki, zimefumbwa kotekote, na mvuvi hukaa juu yake badala ya kuingia ndani. Upana wake aghalabu ni baina ya sentimita 75 na 90, ina vishikio vya fimbo za kuvulia, na ina matundu yanayoyarudisha ziwani maji yote yanayorukia juu.

Aliipenda mno. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Unguja alikaa juu ya maji bila ya kujihesabu. Aliweza kugeuka nyuma kuchukua chambo, kumimina chai kutoka kwenye chupa, kula muhogo wa kuchemsha huku mshipi ukiwa umeshuka majini na kafi imelala magotini. Ziwa asubuhi lilikuwa kimya kiasi cha kusikia perege wakidonoa chini ya mayungiyungi. Baada ya wiki chache akagundua kuwa anaweza hata kusimama, na mvuvi anayesimama huona mbali. Alisimama kila Jumamosi. Mzee alipita na mtumbwi wake, akamtazama, hakusema neno.

Kuna jambo la kueleza hapa kuhusu utulivu wa vyombo. Chombo kipana cha chini bapa kina utulivu wa mwanzo: ukiegemea kidogo, upande ule huzama zaidi, maji yakausukuma juu, nacho kikarudi. Mpandaji huhisi amekaa juu ya mkeka. Lakini kikishavuka ukingo wake hakina akiba. Kinapinduka mara moja. Na kwa kuwa kimelala bapa juu ya maji, hufuata mgongo wa maji: wimbi likiinuka ubavuni, nacho huinama pamoja nalo. Kayaki nyembamba ya Greenland hutikisika tangu mtu anapoingia, ikamtia hofu mgeni, lakini aliyeizoea huilaza ubavu kwa kiasi cha kutisha na bado ikamrudisha. Kipana humsamehe mpandaji makosa madogo, chembamba humfundisha asiyafanye.

Katika majira hayo hayo mwanafunzi mmoja wa kike alimwandikia mwalimu shairi kuhusu ukame. Halikuwa na vina. Yeye, aliyelelewa na mshororo wa mizani 16, nane huku na nane kule, kina cha kati kikikishika kina cha mwisho kama mirengu ya pande mbili, aliandika chini yake neno moja: guni. Msichana akaja na daftari mkononi.

"Mwalimu, kwani shairi lisilo na vina haliwezi kusimama?"

Alikuwa na majibu mengi ya kitabuni. Angeweza kumtaja Kezilahabi, aliyetoa Kichomi mwaka 1974 na kuwagawa wapenzi wa ushairi mpaka leo, na akakumbuka kuwa mshairi yule alizaliwa Ukerewe, kwenye mitumbwi isiyo na mirengu. Karibu aseme kuwa watu wa ziwani ndivyo walivyo. Kisha akamkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, naye mtoto wa ziwa, mzaliwa wa Ujiji. Basi maji hayakuamua lolote. Akamwambia msichana amwachie daftari.

Ajali ilitokea Jumamosi moja ya kiangazi, ziwa likiwa limepungua. Alikuwa amesimama, na kambale mkubwa alikuwa amenasa. Macho yake yote yalikuwa kwenye mshipi. Hakuona kuwa upepo ulikuwa ukimsogeza taratibu kuelekea kwenye matete, mpaka akawa kati ya viboko waliopumzika kwenye maji mafupi na kina walichokizoea. Kila mvuvi wa Babati anajua kuwa hapo si mahali pa mtu, kwani kiboko akishtuka hukimbilia kina, na hakipishi kilichomkingia njia. Kwa mbali mzee alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ko, ko, ko. Mwalimu aliusikia mlio huo akadhani ni salamu.

Kiboko mmoja akazama. Mnyama huyu haogelei kama samaki. Hutembea chini, na mwili wa tani moja na nusu ukisukuma maji mafupi, juu huinuka tuta. Tuta lilikuja ubavuni. Kayaki ikaufuata mgongo wa maji, kama ilivyo tabia yake, ikainama, kisha ikakaa sawa tena bila ya kuingiza tone. Chombo hakikupinduka. Kilichopinduka ni mtu.

Maji yalikuwa ya kahawia na ya vuguvugu. Miguu yake ilizama matopeni mpaka magotini, na kwa muda ambao hakuweza kuupima alingoja. Kisha mkono ukakutana na plastiki. Alijivuta kwa tumbo, akalala kifudifudi, shavu likiwa limebanwa kwenye matundu ya kutolea maji, na hakuthubutu kuinua hata kichwa. Kule kwenye kina kiboko aliibuka, akatoa pumzi kwa kishindo, akatulia. Mzee alifika akapiga kafi kinyumenyume, akasimamisha mtumbwi kando yake.

"Sasa umekaa," alisema.

Nchi kavu mzee alikiri kwa uadilifu kuwa mtumbwi wake, katika hali ile, ungejaa maji na wasingeweza kuupanda tena. Kayaki ilimwokoa mwalimu. Lakini ni hiyo hiyo iliyomfanya asahau kuwa yuko majini. Usiku ule, barazani Maisaka, akiwa amejifunika blanketi, alikumbuka methali aliyoikariri utotoni bila ya kuitazama usoni: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu huitumia kumwambia msafiri kuwa atarudi kwao. Sasa aliisikia kama agizo la nahodha kwa mtu aliyesimama: shuka, rudi chini kabisa, hapo ndipo chombo kinapokushika. Yumkini maana zote mbili ni moja.

Jumatatu alimrudishia msichana daftari. Neno guni lilikuwa limefutwa. Chini yake aliandika kuwa shairi lisilo na vina linaweza kusimama, ila mtunzi wake hana kibao cha kumkamata akilala upande. Kila neno lazima likae chini penye uzito. Akampigia mstari beti mbili ambazo hazikukaa.

Jambo gumu lilikuwa nyumbani. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akiomba kwa miezi kwenda ziwani. Baada ya ajali mkewe alifunga mlango wa mazungumzo hayo. Mwalimu alijaribu kueleza upana, matundu, plastiki isiyozama.

"Chombo chako ni kizuri," mkewe alisema. "Mimi sina shaka na chombo. Nina shaka na wewe."

Hakuwa na hoja ya kumjibu. Msimu mzima alivua akiwa amekaa, katika masaa na mahali alipochagua mzee, na kila alipousikia mgongo wa kafi kwenye ubavu wa mtumbwi aliinua macho. Siku moja mkewe, bila ya kuulizwa, alimvalisha mtoto jaketi la kujiokolea, akaivuta kamba yake mara mbili, akasema warudi kabla ya adhuhuri. Mtoto alipata perege mmoja wa ukubwa wa kiganja. Kwa furaha akataka kusimama. Mkono wa baba ulikuwa tayari begani mwake.

Likizo ya Disemba waliteremka Nungwi. Babu, ambaye sasa haendi tena mbali na mwamba, alitaka kujua habari za hicho chombo cha bara.

"Kina mirengu?"

"Hakina, Baba."

"Basi kinasimamaje?"

Mwalimu alianza kutafuta maneno ya kueleza upana na uzito. Mtoto akamtangulia.

"Tunakaa chini, Babu."

Mzee wa Nungwi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mjukuu mkono, wakashuka pwani mpaka ilipopumzishwa ngalawa, akamwonyesha ngama.