Umeme wetu na chura wa Kihansi

Ndugu zangu, ukitaja chura kijiweni hapa Kasulu watu wanacheka. "Sisi tunalilia umeme, wewe unatuletea vyura!" Nawaelewa. Mkoa wetu uliendeshwa na jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na Kibondo na Kasulu tunalijua giza. Ila chura na umeme ni habari moja.

Mwaka 1996 watafiti walikuta chura mdogo, rangi ya dhahabu, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, dunia nzima hakuna kwingine. Bwawa la megawati 180 lilikuwa tayari linajengwa. Maji yakachepushwa, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, Marekani. Waliobaki wakashambuliwa na ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wamekwisha. Mwaka 2010 vizazi vya wale wa Marekani vikaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Kwa nini gharama yote hiyo? Chura huyu hatagi mayai majini. Anazaa watoto ambao tayari ni vyura, hakuna cha viluwiluwi. Jamii yake yote iko Tanzania peke yake. Mwaka 2025 wanasayansi walipima vinasaba vya vyura wa jamii hiyo waliohifadhiwa makumbusho ya Ulaya tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wakagundua kwamba waliodhaniwa ni aina moja ni aina kadhaa, 3 kati yake mpya kabisa. Maana yake unaweza kumaliza kiumbe kabla hujakipa jina.

Sasa turudi nyumbani. Bonde la Malagarasi na Moyowosi ndilo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Mto huohuo una mradi wa umeme wa megawati 49.5 pale Igamba. Mimi nautaka umeme huo, tena jana. Ninachodai ni kitu kimoja: wataalamu wahesabu viumbe kabla ya tingatinga. Kihansi hesabu ilikuja wakati ujenzi umeshaanza, na bili yake ilikuwa kubwa.

Mnasemaje wenzangu wa Buha?