Nambari ya Tatu

Ijumaa hiyo nilikuwa nawahi matatu ya Rongai kabla nauli ipande. Kazi ilibaki moja tu: kisanduku cha nambari ya simu kwa maktaba yetu ya wijeti za JavaScript, ile mimi hutunza na timu zote za ofisi hutumia. Kilikuwa kinakataa nambari zinazoanza na 01, kana kwamba Kenya yote bado iko 07. Nikarekebisha. Halafu, kwa vile nilikuwa hapo tayari, nikabadilisha jina la kigezo kutoka "simu" likawa "nambariSimu". Nikachapisha toleo 2.3.1 kwenye npm, nikafunga laptopu.

Wenye hufanya hii kazi wameshaona kosa. Zile nambari tatu ni ahadi. Ya mwisho inasema: nimerekebisha hitilafu, chukua bila wasiwasi. Ya katikati: nimeongeza kitu, vya zamani viko sawa. Ya kwanza: chunga, nimevunja kitu. Yangu ilifaa kuwa 3.0.0.

Jumamosi dada mmoja wa timu ya malipo akaandaa ukurasa wao upya. Mradi wao ulikubali toleo lolote la 2, na hawakuwa na faili ya kufunga matoleo, kwa hivyo 2.3.1 ikaingia yenyewe. Ukurasa ulituma "simu", wijeti ikingoja "nambariSimu". Wateja wakabonyeza "Lipa", simu zao zikanyamaza.

Jumatatu kwa mkutano bosi akamuuliza mbele ya watu: "Mbona hukufunga matoleo?" Alikuwa bado kwa miezi ya majaribio. Akasema pole. Mimi nikaangalia chai yangu.

Nilirudi kwa meza nikitaka kufuta kila kitu. Lakini npm hairuhusu nambari iliyotumika itumike tena, hata ukiliondoa toleo lenyewe. Nikatoa 2.3.2 yenye jina la zamani, nikaweka onyo kwa 2.3.1, na kwa orodha ya mabadiliko nikaandika: "2.3.1 ilivunja malipo. Kosa ni langu, si la timu ya malipo." Nikaituma kwa grupu ya ofisi.

Dada akanijibu pembeni: "Asante. Lakini mimi niliulizwa mbele ya watu."

Jumatatu iliyofuata, kabla bosi afungue mkutano, niliinua mkono.