Mipaka ya Uwanjani

Mpaka wa shamba ukikosewa, watu huenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mpaka wa mchezo ukikosewa, watu hucheka kwanza, kisha hununiana miaka. Nayasema haya kwa sababu nilipata kukaa katika kamati ndogo iliyopewa kazi ya kugawa kanda za mashindano ya vijana huku kwetu Ntalikwa na kata za jirani. Zawadi zilikuwa mbuzi, jezi na mpira. Mtu wa mbali angeona ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo.

Shida yetu ni hii. Kwenye karatasi, sisi wa Ntalikwa ni watu wa mjini, maana kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Tabora, sawa na Gongoni na Cheyo. Kwa macho, sisi ni wakulima. Tena manispaa yenyewe imezungukwa na Wilaya ya Uyui, hivyo kijana wa kata za pembeni aweza kuwa na binamu yake mwendo mfupi tu kwa miguu, naye akahesabiwa mtu wa wilaya nyingine.

Wajumbe waligawanyika. Wapo waliotaka tufuate mipaka ya serikali, kwa kuwa barua ya mtendaji inamaliza ubishi. Wapo waliotaka timu zenye viatu zicheze zenyewe na zile za pekupeku zicheze zenyewe. Mzee mmoja alinigeukia akaniambia, "Mwanangu, mpaka wa serikali ni wa kodi na kura. Huu wa mpira nani kauleta?" Sikuwa na jibu la haraka.

Msomaji, tafakari habari za Mpanda. Wakati wa Mwingereza Mpanda ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Baada ya uhuru ikawa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka 2012 ikawa makao ya mkoa mpya wa Katavi. Mtu aliyezaliwa pale kabla ya uhuru amebadilishiwa mkoa bila kuhamisha hata kinu. Reli yake, hata hivyo, bado inapita Kaliua kuja Tabora. Je, mchezaji wa namna hiyo ni wa wapi: wa barua au wa reli?

Zanzibar nao waliyaonja hayo. Mwaka 1995 walitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kwa jina lao wenyewe. Mwezi Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika likawapa uanachama kamili. Julai ya mwaka huo huo likawavua, kwa hoja kwamba wao si nchi inayojitegemea. Wachezaji walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mstari.

Wasukuma, jirani zetu wa kaskazini, walitafuta njia nyingine. Katika mashindano yao ya ngoma wamegawanyika makundi mawili, Bagika na Bagalu, na mgawanyo huo haufuati eneo. Kijiji kimoja chaweza kuwa na watu wa pande zote mbili, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Ni akili nzuri, ila mpira wa vijana unahitaji kujua nani atatembea umbali gani.

Hata teknolojia haikuondoa swali hili. Tangu mwaka 2000 kuna mchezo wa kuficha vikopo porini na kuvitafuta kwa kifaa kinachosoma setilaiti. Kifaa humwonyesha mchezaji aliposimama kwa tofauti ya hatua chache. Hakimwambii yeye ni wa kanda ipi. Hilo huamuliwa na watu, kwa maneno.

Mwishowe tulikubaliana kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Mechi za awali zingepangwa kwa mwendo: kijana acheze mahali ambapo ataweza kwenda na kurudi kwa miguu kabla ya giza. Zawadi ingekuwa moja kwa wote, ili mbuzi wa vijijini asiitwe mbuzi wa daraja la pili. Na mchezaji angekuwa wa timu anayofanya nayo mazoezi, hata kama nyumba yao iko upande wa Uyui.

Hatukumridhisha kila mtu. Timu moja ilisusa, ikisema tumewapa watu wa nje nafasi ya wenyeji. Nilielewa uchungu wao, maana kila mstari una mtu anayeachwa nje. Lakini tungewapeleka watoto wa vijijini mjini tangu raundi ya kwanza, wengi wangekosa nauli, wangefungwa mapema, na baada ya misimu miwili wasingekuja tena. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na uwanja wa mbali haulei mchezaji.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi jinsi ya kuchora kanda, nashauri ramani ije baadaye. Kwanza ulizeni ni nani atakayerudi nyumbani usiku, na anapita njia gani.