Mliniuliza Bunduki ya Bata, Wacha Niwaambie Kuhusu Feya

Kama umenifuata kwa muda, unajua kazi yangu ni kuchambua vitu kabla hujatoa pesa yako. Spika za Luthuli, simu za mkono wa pili, viatu vya Gikomba. Wiki iliyopita msee mmoja akaniandikia: "Buda, tuchambulie bunduki ya kuwinda bata. Gani haiwezi kukuangusha?" Alikuwa anacheka tu, maana anajua nimekulia Kariobangi South, na bata tuliokuwa nao ni wa jirani, wale wanaooga kwa mtaro.

Mimi pia nilianza na kucheka. Halafu nikafungua video moja ya mzungu fulani amesimama ndani ya kinamasi na viatu vya mpira mpaka kiunoni, anaeleza bunduki kama vile mimi hueleza spika. Nikaangalia nyingine. Nikaangalia mpaka bando ikaisha saa tisa usiku. Kwa hivyo wacha nikupe kwanza nilichojifunza, kwa sababu uliuliza swali na jibu lipo.

Bunduki ya bata si ile ya risasi moja. Inaitwa bunduki ya marisau, ile mnaita shotgun. Inatema gololi ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, kwa sababu ndege yuko angani anakimbia na huwezi kumlenga kama chupa iliyowekwa kwa ukuta. Ukubwa wa mtutu unapimwa kwa geji, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa: geji 12 ni nene kuliko geji 20. Hesabu yake ni ya kizamani. Chukua ratili moja ya risasi, ile madini, uigawanye iwe gololi 12 zilizo sawa. Kila gololi inatoshea mtutu wa geji 12. Ukiigawanya mara 20, gololi inakuwa ndogo na mtutu unakuwa mwembamba. Bata anapita juu, ana manyoya mazito, kwa hivyo wengi wanataka 12. Kwale na kanga wa nchi kavu unawafuata kwa miguu kutwa nzima, kwa hivyo wengine wanachukua 20, kwa sababu ni nyepesi.

Halafu kuna namna ya kujaza. Kuna ile unavuta kwa mkono kila ukipiga, kama Remington 870, iliyotoka 1950 na imeuzwa zaidi ya milioni 10. Watu wanaipenda kwa sababu haina mambo mengi ndani, matope na maji haviisumbui sana. Kuna inayojijaza yenyewe. Hiyo haikupigi bega sana, lakini usipoisafisha itakukwama siku unaihitaji. Na kuna ya mitutu miwili. Inatoa risasi mbili tu, lakini ukiikunja katikati kila mtu aliye karibu anaona kama iko tupu au imejaa. Wazee wa mchezo wanasema hiyo ndiyo ya kutembea nayo ukiwa na wenzako. Na wote wanakubaliana kwa jambo moja: kama kitako hakikai vizuri kwa bega lako, bei haitakusaidia.

Kitu kilichonishika zaidi ni neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili, risasi ni ile inayotoka kwa bunduki, na pia ni jina la ile madini. Huko Marekani, tangu 1991, huruhusiwi kupiga bata kwa gololi za madini ya risasi. Sababu ni kwamba gololi zilizokosa zinazama kwenye matope, bata anakuja kutafuta chakula, anazimeza akidhani ni kokoto za kumsaidia kusaga, na sumu inamuua polepole. Yaani bata uliyemkosa leo unaweza kumuua mwezi ujao bila hata kumuona. Siku hizi huko wanatumia gololi za chuma.

Sasa, kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndege wa kuwindwa waliendelea kupigwa kwa leseni kwa miaka mingi baadaye, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 ikafunga uwindaji wa kujifurahisha. Ukitaka kufanya hiyo kitu kihalali, vuka mpaka uende Tanzania, utafute leseni na mfuko mnene. Na hata bila sheria, hebu tuseme ukweli kuhusu mtaa. Hapa kwetu, mlio wa bunduki usiku hauna uhusiano wowote na bata. Ukiusikia, unahesabu kwanza watu wa nyumba yenu, halafu unazima taa. Kesho yake kuna mama analia mahali. Kwa hivyo sitakaa hapa nikuchagulie bunduki kana kwamba ni spika.

Lakini swali lako halikuniacha, na sababu ni kwamba mimi nimewahi kuchagua silaha ya ndege. Nilikuwa na miaka 11.

Kama ulikulia Eastlands unajua feya. Unatafuta panda ya mpera, kwa sababu mpera haupasuki ovyo. Unakata tyubu ya baiskeli vipande viwili vilivyo sawa. Unachukua ulimi wa kiatu cha zamani unatengeneza mahali pa jiwe. Unafunga kwa vipande vyembamba vya tyubu hiyo hiyo, ukivuta kwa meno. Nilikuwa fundi, si utani. Watoto wa ploti tatu walikuwa wanakuja kwangu. Tulikuwa tunashuka mpaka kando ya Mto Nairobi, upande wa Dandora, tunatupia njiwa na shomoro mawe, na mara moja moja wale marabu wakubwa wenye upara, ambao hata hawakuwa wanatuangalia.

Beshte yangu mkubwa wakati huo, sitamtaja jina lakini amesoma hii kabla yako na amekubali niiweke, aliniomba nimtengenezee ya kwake. Fundi wa baiskeli alikuwa amenipa tyubu mbili. Moja ilikuwa karibu mpya, imetobolewa na msumari tu. Nyingine ilikuwa imekaa juu ya mabati sijui miezi mingapi. Ukiivuta ulikuwa unaona mistari midogo midogo, kama ngozi ya kisigino cha mtu anayetembea bila viatu.

Nilijua. Hapo ndipo mahali pa hii stori. Nilijua tyubu iliyokaa juani haifai, nilikuwa nimewaambia watoto wengine hivyo hivyo. Nikajiwekea ile nzuri, nikamfungia yeye ile mbaya. Na bado nikamchukua shilingi 20.

Ilikuwa Jumamosi. Alivuta akilenga njiwa juu ya mlingoti wa stima. Alivuta sana, kwa sababu nilimwambia avute sana. Tyubu ikakatika pale inapofungwa kwa panda, na ukijua feya unajua maana yake. Ikikatika upande wa ngozi, inaruka mbele. Ikikatika upande wa panda, inarudi kwa uso wako.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu akashika jicho, akasema, "Zima jua." Mpaka leo nikikumbuka hayo maneno natetemeka. Walimpeleka hospitali, wakarudi, wakampeleka nyingine. Jicho la kulia halikurudi. Mama yake alikuja kwetu jioni, nikajificha chini ya kitanda nikidhani anakuja kunichapa. Alikuja kumuuliza mathe kama mimi niko salama. Ati kama mimi pia nimeumia.

Sikusema chochote kuhusu tyubu. Watu wazima walisema ni ajali, ni mchezo wa watoto, feya ni vitu vibaya. Nikaacha ikae hivyo kwa miaka tisa.

Wacha niruke kidogo. Babu yangu ni wa Bunyala, huko Busia, karibu na mahali Mto Nzoia unaingia ziwani. Kule kuna mashamba ya mpunga, na mpunga unaleta bata na korongo wengi. Zamani, ananiambia, walikuwa wanatega kwa kamba. Unakaa kwa matope asubuhi yote, unapata bata mmoja, pengine hupati, unarudi nyumbani na njaa na hadithi. Halafu ikaingia sumu. Watu wakachukua Furadan, dawa ya kuua wadudu shambani, wakachanganya na chambo, wakamwaga. Ndege wakaanguka kwa makumi. Aliyekula chambo na aliyemla aliyekula. Halafu nyama ikauzwa. Hilo si uvumi wa kijiji, watafiti wa ndege wameliandika na kupiga picha.

Nilimuuliza babu mbona watu walikubali sumu. Akasema, "Kwa sababu haikosei." Akanyamaza, halafu akaongeza, "Kamba yangu ilikuwa inakosa, lakini sikuwahi kuogopa kumpa mtoto wangu kile ilichoshika."

Ndiyo hapo nikaelewa swali lako vizuri, wewe msee wa bunduki. Uliuliza gani haiwezi kukuangusha. Kama unataka tu kitu kisichokosa, sumu imeshinda bunduki zote, geji yoyote, kampuni yoyote. Na ni kitu kibaya kuliko vyote. Kwa hivyo kutokosa hakuwezi kuwa ndiyo kipimo.

Mwaka jana nilimwambia beshte yangu ukweli. Tulikuwa tumeketi kwa ngazi za ploti, nikamwambia yote, tyubu mbili, jua, mabati, shilingi 20. Nilitarajia anipige. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Nilikuwa najua. Niliona yako inang'aa." Alikuwa anajua miaka yote. Sikuwa na la kusema. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alisema tu nimrudishie twenti yake. Nikamrudishia. Ni yeye aliyecheka kwanza.

Baadaye tukaanza kwenda Ruai. Unajua mahali maji machafu ya Nairobi yanaishia? Kuna mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka huko, ukifuata Kangundo Road. Yanaitwa ya Dandora lakini yako Ruai. Unaomba ruhusa kwanza, hauingii tu. Ndiyo, yananuka. Lakini manze, bata! Wa mdomo wa manjano, wa mdomo mwekundu, bata bukini wakubwa wanaopigiana kelele kama makanga wa Umoja. Kuanzia karibu Oktoba kunakuja bata mwenye mdomo mpana kama kijiko, ametoka Ulaya au Asia kwa mabawa yake, anakuja kukaa na sisi kwa maji tuliyoflashi. Miaka yote tulikuwa tunatupia njiwa mawe na hii kitu ilikuwa matatu moja tu kutoka kwetu.

Mimi natumia darubini ya mtumba. Yeye ana kamera ya zamani yenye kile kidirisha kidogo cha kuchungulia. Siku ya kwanza nilimwangalia akiiweka kwa jicho la kushoto, nikaangalia kando. Akaniona. Akasema, "Tulia. Hii hata wenye mawili hufunga moja."

Kwa hivyo, uchambuzi wangu. Bunduki siwezi kukuchagulia, sheria imenisaidia kwa hilo. Darubini naweza. Chukua iliyoandikwa 8x42: 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganywe na za 20, mkono utatetemeka na bata atacheza densi. Kagua kioo mbele ya mwanga kama kuna ukungu ndani. Funga jicho moja halafu lingine, uone kama pande zote zinaonyesha kitu kimoja. Kama huna pesa, Nature Kenya wana matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, yanaanzia Makumbusho ya Taifa. Utakutana na watu watakuazima.

Na kwa kitu chochote kingine utakachonunua au kuuza, iwe pikipiki, chaja, gesi, hata feya, kipimo changu siku hizi ni kimoja. Usiulize kama kitakuangusha wewe. Uliza kama ungekifunga kwa mikono yako ukampa beshte yako, ukasimama karibu wakati anavuta. Kama ungejiwekea ile nyingine, basi jibu unalo, na unajua unalo.

Sasa niambie hapo chini: ni kitu gani ulishawahi kumpa mtu ukijua hakifai? Ukiogopa kuandika hapa, sawa. Lakini enda umwambie yeye. Usingoje miaka tisa kama mimi.