Kilwa Ipi?

Ukutani kwa mama yangu, Kashikishi, kulikuwa na ukurasa wa gazeti uliobandikwa kichwa chini. Mama hakujua kusoma. Kurasa zenye picha alizibandika vizuri, watu wakasimama kwa miguu yao, lakini ule ulikuwa maneno matupu toka juu hadi chini, na uji wa muhogo ukishakauka ukutani hakuna wa kubandua. Kitanda changu kilikuwa chini ya ukurasa huo. Herufi nilizijua zikiwa zimepinduka, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza alishangaa kuona mtoto anageuza kitabu ndipo asome.

Kasoro hiyo ndiyo iliyokuja kunilisha. Muuza magazeti hukaa nyuma ya meza, na magazeti humtazama mnunuzi. Kwa miaka 30 na ushei nimezisoma habari za dunia kichwa chini, mteja akiwa upande wa pili anazisoma sawasawa bila kulipa.

Nilianza mwaka 1984, meza yangu ikiwa kando ya barabara karibu na soko la Kashikishi, ziwa Mweru nyuma yangu. Nilikuwa na magazeti mawili tu ya Kiingereza: Times of Zambia, lililochapwa Ndola, na Zambia Daily Mail la Lusaka. Gazeti la Ndola likija kwa njia ya mkato lilikuwa linavuka kwanza kile kipande cha Kongo kilichojichomeka katikati ya Zambia, linavuka tena mto Luapula pale Chembe kwa pantoni, ndipo lifike Mansa, lipande basi la Mwense na Mwansabombwe hadi kwetu. Habari za Zambia zilipita nchi ya watu ili kuwafikia Wazambia. La Jumatatu niliuza Jumanne jioni. Mvua zikikaza, Jumatano. Hakuna aliyelalamika. Kashikishi kinachooza ni samaki.

Kazi yenyewe ni mawe na vibanio vya nguo. Upepo wa ziwani hauna adabu, ukikosa jiwe utaikuta tahariri majini. Gazeti likiwa limekunjwa, mpita njia anaona nusu ya juu tu: jina la gazeti, kichwa kikubwa cha habari, na picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Waliolipanga walijua hilo, kwa hiyo mkubwa wa nchi alikuwa juu siku zote, akipungia mkono, akishuka kwenye ndege, akikata utepe. Mimi nami nilijifunza ujanja. Siku ambazo mkubwa hakuwa na jipya, niliyageuza magazeti yote yakalala kifudifudi, ukurasa wa mwisho ukatazama barabara, ule wa mpira. Zipo wiki ambazo gazeti lilikuwa na kurasa mbili za mbele: moja ya Lusaka, nyingine ya Kashikishi. Wahariri hawakujua, na fedha zao walizipata.

Yasiyouzwa nilikata ile sehemu yenye jina la gazeti na tarehe, nikarudisha vichwa hivyo Mansa ili nisidaiwe. Kiwiliwili kilibaki kufungia samaki.

Sisi wenyewe tulionekana wapi? Julai, mara moja kwa mwaka, juu kabisa na kwa picha kubwa, chifu mkuu Mwata Kazembe akicheza ngoma ya Mutomboko pale Mwansabombwe, shoka mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Siku hizo niliagiza nakala maradufu. Baada ya hapo Luapula, mkoa wetu, ilishuka tena kwenye kurasa za ndani, safu moja, karibu na matangazo ya mbegu. Ilikuwa ikipanda kidogo Desemba, maana tangu tarehe 1 ya mwezi huo hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazae, na wanaokaidi hukamatwa. Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia maneno. Kiingereza cha magazeti yetu kinalipenda neno fupi, na polisi wakimkamata mtu huandikwa kwamba wame-"net", yaani wamemnasa kwa wavu. Nikamsomea habari hiyo mvuvi mmoja mzee, nikimfasiria neno kwa neno. Akauliza, "Wavu wao ulikuwa na matundu ya inchi ngapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nyavu zake zilikuwa bomani, zikingoja kuchomwa.

Lugha ya nyumbani ilikuwa na gazeti lake. Mjomba wangu alitunza sandukuni nakala za Mutende, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1936 kwa Kiingereza na lugha nne za nchi, nalo jina lake kwa Kibemba ni amani, ni salamu. Baada ya uhuru idara ya habari ya serikali ilitoa Imbila kwa Kibemba, Tsopano kwa Kinyanja, Liseli kwa Kilozi, na mengine. Yatazameni majina hayo: mbiu, sasa, nuru. Magazeti ya Kiingereza yalijiita nyakati na barua. Imbila halikuwa zuri kwa sura. Karatasi ilikuwa nyepesi, picha nyeusi kama masizi, vichwa vya habari virefu hadi vikamaliza safu. Lakini kichwa kirefu kilikuwa na mtu ndani yake, na kijiji chake, na alichofanya. Mama yangu akisomewa mara moja alimsimulia jirani bila kupoteza kitu. Miaka ya 1990 likaacha kufika mezani kwangu, na sikupata kingine cha kuweka pale lilipokuwa.

Ubao wangu wa habari ulianza kwa sababu ya watu wa ng'ambo. Wafanyabiashara wa Pweto, Kilwa na Kasenga walikuja Kashikishi kuuza na kununua, wakasimama mezani kwangu wakitazama picha. Kiingereza hawakijui, Kibemba wanakijua nusu, Kiswahili ndicho chao, kile cha Katanga. Mama yangu ni mzaliwa wa Pweto, kwa hiyo nikawa mfasiri wao bila malipo. Koo likachoka. Nikanunua kipande cha ubao, nikakipaka rangi nyeusi, nikagawa katikati kwa msumari: kushoto Kibemba, kulia Kiswahili. Kila upande maneno sita au saba, zaidi ya hapo herufi zinakuwa ndogo hata mpanda baiskeli hazioni. Asiyewahi kuandika habari ya kurasa mbili kwa maneno sita asijidai anaijua habari hiyo.

Aprili 1993 ndege ya timu yetu ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, ikielekea Senegal. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa, 18 kati yao wachezaji. Redio ilitangulia, magazeti yakafuata na basi. Asubuhi ile nilishika chaki nikakosa kichwa cha habari. Niliandika majina ya wachezaji, moja chini ya jingine, bila neno juu yake. Upande mmoja haukutosha, nikafuta mstari wa katikati. Watu walisimama mbele ya ubao kofia mkononi. Wiki nzima sikuufuta, na mvua ya mwisho wa masika ndiyo iliyoufuta.

Ningebaki hapo ningekuwa nimesalimika. Lakini kulikuja masanduku ya vikombe.

Bidhaa za Dar es Salaam hutufikia kupitia Tunduma na Nakonde, na vikombe husafiri vimefungwa magazeti. Mwenye duka jirani alikuwa akitupa yale makunyanzi. Nikayaokota, nikayanyoosha kwa pasi ya mkaa. Uhuru, Majira, Nipashe, baadaye Mwananchi. Sikuwahi kuona Kiswahili kimevaa hivyo. Ukurasa wa mbele ulikuwa kama soko siku ya mnada, vichwa vya habari vinane au tisa vikisukumana, vyekundu, vya njano, vyeupe juu ya weusi, kila kimoja kikikuelekeza ukurasa wa ndani. Na vitenzi vyake! Waziri awaka. Bei ya sukari yapaa. Mama yangu angesema "bei imepanda", na huko kwao Pweto hata hivyo wasingesema hivyo hasa. Gazeti la Dar lilivua kitenzi -li-, likavua -na-, likavua -me-, kikabaki uchi kinakimbia.

Mkenya mmoja, aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi katika kambi ya Kala wilayani Kawambwa, aliniambia kwamba shuleni kwao huo huitwa wakati usiodhihirika. Nikalipenda jina hilo pia. Sikulifikiria.

Ubao wangu ukabadilika. Nikanunua chaki za rangi. CHISENSE YAPAA, niliandika siku dagaa wetu walipopanda bei. MVUA YATIKISA MUNUNGA. Watu wakaanza kupita makusudi kuona leo nimeandika nini, na magazeti yakauzika. Mtu akisifiwa kwa ngoma hucheza hata pasipo harusi.

Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji wa Kilwa, upande wa Kongo. Kesho yake jeshi la Kongo likaurudia. Watu walikimbia kwa mitumbwi, na waliofika kwetu walikuwa wamelowa na hawazungumzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu habari ilikuwa mezani kwangu kabla ya gazeti. Nilitetemeka kwa furaha, na hilo naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Nikachukua chaki nyekundu, nikafuta ubao wote, nikaandika kwa herufi za kiganja kizima:

KILWA YAWAKA MOTO

Msomaji wa pwani akisikia Kilwa anakumbuka magofu ya Kisiwani. Sisi Kilwa zetu ni mbili: mji wa Kongo, na kisiwa cha Zambia kilichomo ziwani humu, ambako nusu ya Kashikishi ina ndugu wanaovua. Sikuandika ni ipi. Maneno matatu yalikaa vizuri ubaoni, la nne lingeharibu mpangilio.

Mama mmoja, muuza chisense, mteja wangu wa miaka, alisimama mbele ya ubao na beseni kichwani. "Papa, ni Kilwa gani?" Kabla sijajibu akauliza tena, "Inawaka sasa, ao iliwaka?" Beseni likaanguka. "Batoto yangu beko kule!" Akakimbilia ziwani, na nyuma yake wanawake wengine, wala hawakuwa wamesoma, waliona tu nani anakimbia. Wawili walikuwa wameshaingia kwenye mtumbwi usio na injini, upepo ukivuma, tulipowafikia tukawashika. Watoto wake walikuwa kisiwani, salama, wanaanika samaki. Alijua hilo jioni yake. Toka saa nne asubuhi hadi jioni aliwalilia.

Swali lake la pili ndilo lililonikalia. Inawaka sasa, au iliwaka? Kitenzi changu hakikuwa na jibu. Nilikuwa nimekichagua kwa sababu hakina.

Nikafuta. Nikaandika kwa chaki nyeupe, herufi ndogo, mistari minne: "Kilwa ya Kongo. Jana na juzi kulikuwa na mapigano. Watu wamekimbilia kwetu. Kilwa ya kisiwani hakuna vita." Ulikuwa ubao mbaya kwa sura, umejaa kama Imbila, na mpanda baiskeli ilibidi ashuke. Walishuka.

Siku chache baadaye gazeti moja nililokuwa nikiliuza lilileta habari hiyo: safu moja, ukurasa wa ndani, chini. Iliwataja waasi, ikalitaja jeshi, ikasema hali imetulia. Wale waliokuwa wamelala kwenye veranda za jirani zangu hawakuwemo. Sikulilaumu sana, nami nilikuwa na langu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilipotoka ikataja waliokufa si chini ya 73, na wengine wao waliuawa tu bila kupigana, niliandika ubaoni namba hiyo na chini yake "Kilwa ya Kongo". Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaona hawana hatia walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Nikaandika hivyo hivyo, kwa -li-. Mtu wa Kilwa alisimama akasoma, akaniomba chaki. Nilidhani anataka kuongeza neno. Aliishika tu, akanirudishia.

Yule mama hakuninunia. Alichofanya ni kuacha kusoma ubao. Kila akipita alikuwa akiniuliza kwa mdomo, "Papa, leo kuna nini, na wapi?" na mimi nikimjibu kwa mdomo, miaka kumi.

Biashara iliisha bila kishindo. Mwaka 2016 The Post, lililoanza 1991 na ambalo wateja wangu walilisubiri kuliko yote, lilifungwa kwa deni la kodi. Simu zikafanya yaliyobaki. Siku hizi habari za Kilwa zinafika kwenye kiganja kabla ya mtumbwi, na bado nasikia watu sokoni wakiulizana ni ipi. Ubao anao binti yangu. Anaandikia bei ya chisense kwa kipimo cha meda, na wavuvi wametoka wapi.

Magazeti ya Dar es Salaam ningali nayaokota kwenye masanduku ya vikombe, nayapenda vilevile, na nayasoma kichwa chini. Wahariri, mkiandika Kilwa, andikeni ni ipi. Huku Mweru tunawasoma.