Sheria ya Bibi Taubira na Swali la Mwanafunzi



Mimi ni mwalimu wa chuo, na elimu yangu ni ya Qurani na madarasa machache ya skuli. Si ada yangu kuandika juu ya siasa za Wafaransa. Lakini sheria moja ya kwao imeniingilia hata darasani.

Bibi Christiane Taubira alizaliwa mwaka 1952 mjini Cayenne, katika Guyana ya Kifaransa, ambako Waafrika wengi walipelekwa utumwani zamani. Mwaka 1993 aliingia Bunge la Ufaransa. Sheria aliyoileta, iliyotiwa saini tarehe 21 Mei 2001, yasema kuwa utumwa na biashara ya watumwa, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi pia, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu; tena yataka mambo hayo yafundishwe skulini. Wanahistoria kadhaa waliipinga mwaka 2005, wakisema si kazi ya Bunge kuwaandikia historia. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, na mwaka 2013 akasimamia sheria ya ndoa za watu wa jinsia moja, ambayo dini yetu haiikubali kabisa. Simsifu kwa hilo.

Lakini sheria ile ya 2001 naliisomesha kwa furaha, maana imeitaja bahari yetu. Nikawaeleza watoto jinsi Mfaransa Morice alivyoandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20. Mtoto mmoja akauliza: "Maalim, huyo Sultani alikuwa Mwislamu?"

Nikamwambia tuendelee na somo.

Usiku ule usingizi haukunijia. Wako Wafaransa waliomlaumu Bibi Taubira kwamba sheria yake haiwataji Waarabu na Waafrika waliouza watu. Mimi hoja hiyo nikiiona ni hila ya kukwepa. Kumbe nami, mbele ya mtoto wa miaka kumi, nalikwepa vile vile!

Kesho yake nalimwita mbele ya wenziwe, nikamjibu: naam, alikuwa Mwislamu kama sisi, na kwa kila mtu aliyeuzwa aliahidiwa zawadi ya riale 2 juu ya bei.

Akafikiri, kisha akauliza: "Na waliouzwa, Maalim, majina yao?"

Nikamwambia mkataba umeandika idadi na bei.